Jibu: Amplifaya mpya na saa 100 za "kuzoea"

Mkuu, huyo muuzaji aliyekwambia uiache ipige saa 100 ndipo isikike vizuri amekupa maneno ya dukani. Transista na rezista, vile vipande vya umeme vya ndani yake, hazina cha kulainika. Kinachobadilika kweli ni joto: ukiwasha, mkondo wa transista za mwisho, zile zinazosukuma spika, unahamahama hadi hitsinki (bamba la kuzipoza) ipate moto wake, dakika 20 au 30 hivi, kisha unatulia. Niliwahi kuweka multimita (kipimo cha umeme) kwenye rezista ya emita, ile inayopitisha mkondo huo, kwa hiyo volti zake zinauonyesha, amplifaya ikiwa wazi mezani: ilianza milivolti 9, baada ya nusu saa ikasimama kwenye 14. Kesho yake nikawasha tena, ikaanza upya pale pale kwenye 9. Sasa hapo imezoea nini?

Kapasita za elektroliti (vipande vinavyohifadhi chaji ya umeme) zilizolala stoo miaka mingi ni habari nyingine, hizo huamshwa polepole kwa volti ndogo. Spika nazo zina mpira na kitambaa, hulegea kidogo mwanzoni.

Kinachozoea zaidi ni masikio yako. Kama leo inakwaruza, irudishe kabla siku za kurudisha mali hazijakuishia ukihesabu saa.