Usimlipe huyo mchapaji kabla hujashika nakala MOJA mkononi

Salamu za kamwene tutapeana baadaye. Usitume hiyo hela.

Umeuliza mambo manne: muda wa kuandika ukitoka kazini utaupata wapi, ISBN, ile namba ya kutambulisha kitabu, inatolewa wapi, hakimiliki inakuwaje, na jalada liwe picha au mchoro. Mimi macho yameganda kwenye sentensi moja uliyoipenyeza katikati, kwamba kuna jamaa wa Dar atakuchapia riwaya yako ya kurasa 210, nakala 1,000, ulipe zote Ijumaa, na nakala ya mfano "haina haja, itatuchelewesha". Maneno hayohayo niliambiwa mimi. Sishangai ikiwa ni mtu yuleyule.

Niko Uyole, Mbeya. Riwaya yangu ya kwanza niliiandika miaka miwili kwenye madaftari, usiku, nimejifunika blanketi. Baridi ya huku mwezi wa saba unaijua, hata Iringa kwenu ipo: unapasha vidole kwenye jiko la mkaa kwanza ndipo kalamu ikubali. Mhusika wangu mkuu aliitwa Ana. Wiki ya kwenda mitamboni nikakumbuka nina shangazi anaitwa Ana, na Ana wa kitabuni anaiba mume wa mtu. Nikapiga simu: kaka, naomba Ana awe Rehema, kitabu kizima. Akasema hiyo kazi ya dakika moja.

Kweli ilikuwa dakika moja. Kompyuta iliambiwa kila ikiona "ana" iweke "Rehema", nayo ikatii kuliko mtoto yeyote niliyewahi kumtuma dukani.

Wewe unaandika Kiswahili, hebu fikiria "ana" imekaa wapi na wapi. Kila mwanamke akawa mwRehemamke. Kijana, kijRehema. Jana, jRehema. "Anapika" ikawa "Rehemapika", hata kama anayepika ni babu. Kuna mchungaji anasimama msibani na kusema "BwRehema asifiwe", na waombolezaji wanaitikia amina. Sehemu niliyoiandika huku nalia, mama anamwita mtoto wake marehemu "mwRehemangu", na leo mimi mwenyewe nikifika hapo nacheka. Nimeharibiwa msiba wangu mwenyewe.

Basi la Dar lilinishushia boksi 20 pale njia panda ya Uyole, saa tatu usiku, kila boksi nakala 50. Nikafungua la kwanza palepale kwa tochi ya simu. Vijana wa bodaboda wakanizunguka kunipongeza, mmoja akachukua kitabu akaanza kusoma kwa sauti. Alifika mstari wa pili, akanyamaza, akaniuliza kwa upole kabisa: "Kaka, hiki ni Kinyakyusa?"

Milioni 3 na laki 2. Viazi vya misimu miwili, na pikipiki niliyokuwa naiwekea akiba mpaka leo naiona kwa watu tu.

Nilipompigia mchapaji akanijibu, "Lakini bro ulipitisha." Nilipitisha nini? Alinitumia picha ya jalada kwenye WhatsApp nikajibu "safi sana". Hiyo ndiyo ilikuwa sahihi yangu. Safi sRehema!

Na kosa lenyewe wala halinikeri kama namna alivyonisukumia hizo 1,000. Alikuwa ananiimbia kwamba faida iko kwenye wingi. Ni kweli kwa ofseti, ile mashine kubwa ya kuchapa kwa wingi, maana gharama kubwa ni kutengeneza pleti, yaani mabamba ya kuchapia, na kuandaa mashine. Ukishaanza, kila nakala inayoongezeka inakuwa rahisi. Ila hakusema kwamba kosa nalo linachapwa mara 1,000 kwa bei hiyohiyo rahisi. Hakusema pia kwamba mashine ya dijitali inaweza kukutolea nakala 20, hata moja, kwa bei ya juu zaidi kila moja. Ningepoteza hela ya mbolea, nisingepoteza shamba.

Kwa hiyo mkuu, nakala moja. Iliyofungwa kama kitabu kamili, siyo faili la kwenye simu, siyo jalada peke yake. Uisome yote kwa sauti, kalamu nyekundu mkononi, toka jina lako mpaka ukurasa wa mwisho, kisha umpe mtu asiyekupenda sana naye aisome. Ukigusa hata koma moja baada ya hapo, dai nakala nyingine ya mfano. Hela ya nakala 1,000 itoke baada ya wewe kusaini nakala hiyo, na hilo liandikwe kwenye makubaliano. Akikwambia utachelewa, mwambie umeandika miaka mingapi, wiki moja haikuui.

Halafu hizo kurasa 210: ofseti mara nyingi inakwenda kwa mafungu ya kurasa 16. 208 ni mafungu 13 kamili. Zikizidi kurasa mbili tu unaingia fungu jingine na unalipia karatasi tupu. Punguza hapo, na uhesabu kurasa za mwanzo pia.

ISBN inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Iombe kwa jina lako. Mchapaji anapiga chapa tu, siye mchapishaji, yaani mwenye kukitoa kitabu. Wangu alijiandika yeye kama mchapishaji, sijui kwa nini alijivunia ile kazi. Hakimiliki unayo tangu ulipoandika, kwa Sheria ya 1999, na inadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kifo. Maana yake mwRehemamke wangu analindwa kuliko mimi.

Boksi 14 ziko Tukuyu kwa mama, na kwa mvua za kule gundi ya mgongo imeanza kuachia. Nyingine mama wa karanga Mwanjelwa alizichukua, anasema karatasi yake inakunjika vizuri. Shangazi alisoma nakala yake yote. Akasema Rehema ni yeye.

Umeshamtumia hela au bado? Nijibu hilo kwanza.