Kabla hujalipia fremu, mtazame Kim So-hee

Dada, umeuliza kama ni lazima uwe na fremu ya duka Kariakoo ndipo uanze kuuza nguo. Mkuu mmoja hapo juu akakujibu kwamba wanawake waliotoboa kwenye mitindo kule Korea wote ni watoto wa matajiri. Si wote. Kim Sung-joo, aliyeinunua kampuni ya mikoba ya MCM mwaka 2005, kweli ni binti wa mwanzilishi wa Daesung, kundi kubwa la makampuni la Korea. Lakini Kim So-hee wa Stylenanda hana ukoo wa namna hiyo nyuma yake. Alianza mwaka 2004 kwa kuuza nguo mtandaoni, binti wa miaka ishirini na kitu. Mwaka 2018 L'Oréal, kampuni ya vipodozi ya Ufaransa, ikainunua kampuni yake yote.

Mzigo wake ulitoka Dongdaemun, soko la Seoul ambalo maduka yake ya jumla huchangamka usiku hadi alfajiri. Mtaa wa jirani, Changsin-dong, umejaa vyumba vya mafundi wa kushona, pikipiki zinapishana na majora ya vitambaa, na nguo iliyokatwa leo inaweza kuwa sokoni baada ya siku chache. Wauzaji wengi wa mtandaoni walichota palepale. Ila Kim So-hee alikuwa na jicho. Blauzi yake unaiona pichani imevaliwa na sketi, viatu, mkoba na rangi ya mdomo vinavyoendana, unatamani vyote.

Hili nimelionja. Mzigo wangu wa kwanza ulikuwa magauni 14. Niliyatandaza kitandani moja moja, nikapiga picha kwa taa ya chumbani, nikarusha. Siku tisa, kimya. Nikamwomba mdogo wangu avae lile la kijani, nikamfunga kilemba, nikampa ndala zangu za ngozi, akasimama mlangoni saa kumi jioni jua likiwa limelegea. Kabla ya isha lilikuwa limeshalipiwa. Na watu wanne waliulizia lipstiki!

Mimi ile lipstiki niliipita, na bado inaniuma. Kim So-hee hakuipita. Mwaka 2009 alitoa vipodozi vyake, 3CE, na L'Oréal walipofika tayari vilikuwa zaidi ya asilimia 70 ya biashara. Mauzo ya 2017 yalikuwa yuro milioni 127, wafanyakazi karibu 400.

Ila usiige kila kitu. Korea ya 2004 ilishakuwa na intaneti ya kasi majumbani. Huku kwetu mteja anaagiza, bodaboda anafika getini kwake, simu haipokelewi, nauli ya kwenda na kurudi ni juu yako. Siku hizi kwangu nauli inatangulia kwa simu ndipo mzigo unatoka.

Hiyo kodi ya miezi sita unayotaka kumpa mwenye fremu, nusu yake nunulia mzigo, kidogo tenga kwa nauli. Iliyobaki usiiguse mpaka uone wateja wanaulizia nini zaidi ya nguo yenyewe. Ukishapiga picha za kwanza niletee, tuziangalie wote.