Vidonge vya mlonge vimezuiwa? Anza na lebo

Dada, unasema unauza Marekani na soko la mtandaoni limekufungia vidonge vya mlonge kwa madai kuwa ni "dawa isiyoidhinishwa". Usikate rufaa leo. Kagua kwanza lebo na picha zote za bidhaa. Sheria yao ya virutubisho ya mwaka 1994 haidai kirutubisho kiidhinishwe na FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, kabla ya kuuzwa, ila ukishaandika "kinatibu kisukari" au "kinashusha presha", machoni pa sheria umekigeuza dawa. Hata ushuhuda wa mteja uliobandika kwenye picha unahesabika. Futa vyote, ndipo uandike.

Rufaa iwe fupi: umeondoa nini, picha za chupa pande zote, ankara ya kiwanda, na cheti cha maabara kinachoonyesha vipimo vya metali nzito na vijidudu. Kibali cha Baraza la Tiba Asili ulichotaja ni cha Tanzania, kule hakikubebi. Habari ulizosimulia za bibi na mlonge wake ziache kabisa, anayesoma anataka karatasi. Na hakikisha namba ya bechi kwenye cheti ndiyo ile ile ya kwenye chupa, zikitofautiana watakukatalia hapo hapo.