Kwa nini modi za mapigano za Skyrim huwachosha baadhi yetu

Assalaam alaykum. Ndugu yetu wa Wete ameeleza kwamba alitumia siku tatu kupakua modi (nyongeza zinazotengenezwa na wachezaji) za mapigano za Skyrim, gemu la kompyuta la mapanga na uchawi, ambazo kila mtu anazisifu, akazipanga vizuri, na baada ya wiki moja akajikuta hana hamu hata ya kuliwasha gemu. Anauliza kama kosa ni lake kwa kuwa hajui kucheza. Nitajibu kwa urefu, kwani nilipitia njia hiyo hiyo, na kwa miezi kadhaa nami nilidhani kwamba vidole vyangu ndivyo vibovu.

Mimi hucheza nyumbani, Mwanakwerekwe, baada ya sala ya Isha, kwa muda usiozidi saa moja na nusu, kwa leptopu ya mtumba ambayo feni yake husikika mpaka ukumbini. Mhusika wangu ni mtu wa ngao na deraya nzito, naye sijapata kumtazama kwa nyuma: tangu siku ya kwanza nimecheza kwa macho yake mwenyewe, nikiona mikono na upanga tu. Naomba jambo hili likumbukwe, kwa sababu ndilo la kwanza kuniponza.

Malalamiko yanayowasukuma watu kwenye modi hizi ni ya kweli, wala siyapingi. Gemu lilitoka Novemba 2011, na mapigano yake hata wakati ule hayakuwa ya kujivunia. Ukitaka ugumu zaidi, gemu hubadilisha hesabu tu: katika kiwango cha Legendary, kigumu kuliko vyote, adui hukuumiza mara tatu ya kawaida, nawe humuumiza kwa robo tu ya nguvu zako. Hapo jambazi mmoja wa porini unampiga kama unayetwanga mpunga, naye bado amesimama. Mtu aliyetokea kwenye magemu kama Dark Souls au Elden Ring, ambako kila pigo lina uzito na kila kosa lina bei, hawezi kulivumilia hilo. Waundaji wa modi wakaja na majibu: kukwepa, kumkazia macho adui mmoja kamera isimwache, kukinga kwa wakati, kuyumba unapopigwa, na mienendo mipya ya upanga inayomsogeza mhusika mbele kwa kila pigo.

Nilipakua mkusanyiko mmoja mashuhuri. Usiku wa kwanza sikupigana hata kidogo, kwani nilisahau kuiendesha Nemesis, programu inayounganisha mienendo mipya na ile ya asili, na mhusika wangu akasimama ametanua mikono miwili kama mtu anayepimwa kanzu na fundi. Usiku wa pili mambo yakakaa sawa, nikaingia Bleak Falls Barrow, pango la makaburi ya kale mle ndani ya gemu, ambalo nalijua kama ninavyoujua mtaa wangu.

Kuna mahali mle ndani njia ni nyembamba, na wafu wa Nordi, watu wa kale wa nchi ile, hutoka kwenye mashimo yao ya ukutani. Alitoka mmoja mwenye shoka. Nikabonyeza pigo mara tatu, kwa mazoea ya miaka. Mhusika akapiga hatua moja, akajizungusha, akapiga hatua nyingine, upanga ukapita juu ya kichwa cha yule maiti, na pigo la tatu likamwishia ukutani, nami siwezi kulisitisha kwa kuwa mwenendo ukishaanza lazima umalizike. Shoka likampata ubavuni, akayumba, likampata tena. Mtoto wa kaka yangu, aliyekuwa amekaa kitini nyuma yangu, akauliza, "Ami, huyo anapigana au anacheza kirumbizi?"

Nilicheka, lakini swali lake lilinikaa kichwani, maana kirumbizi kina utaratibu. Wanaoshika fimbo ni wawili, na wote wanaijua ngoma. Mle pangoni aliyefunzwa ngoma mpya ni mmoja tu. Modi ilikuwa imembadilisha mhusika wangu kuanzia nyayo mpaka mabega, lakini ukuta, upana wa njia, idadi ya maadui na tabia zao vilikuwa vile vile vilivyopangwa kwa mtu anayesimama mahali pamoja, akapiga, akakinga, akanywa dawa.

Dubu ndiye aliyenithibitishia. Nilijifunza kukwepa kwa wakati, nikawa nakwepa sawasawa, na bado makucha yananipata. Sababu yake ni kwamba katika gemu la asili adui anaweza kuendelea kugeuka kukufuata hata baada ya kuanza pigo lake. Sisi wa Pemba tuliokulia pembeni mwa mchezo wa ng'ombe tunajua kwamba mcheza mwenye kitambaa anategemea kitu kimoja: ng'ombe akishainamisha pembe na kutoka mbio, hawezi kugeuka ghafla, na katika kutoweza huko ndimo mna usalama wa mtu na raha ya watazamaji. Ng'ombe anayeweza kukunja kona katikati ya mbio hachezeki. Ipo modi ndogo iitwayo Mortal Enemies inayofanya kazi hiyo tu, yaani kupunguza kasi ya adui kugeuka akiwa katikati ya pigo, na kwa maoni yangu imeyafaa mapigano ya Skyrim kuliko mizunguko yote ya upanga niliyoipakua.

Hata hivyo, nilipoongeza hiyo na mambo yakawa ya haki zaidi, uchovu haukuondoka. Hapa ndipo penye kiini cha jibu langu.

Skyrim ni gemu la kumlea mtu. Lina fani 18, na kila fani hukua kwa kutumiwa: ukikinga sana unakuwa mkingaji, ukivaa deraya nzito unaizoea. Tazama mfano wa ngao. Fani ya kukinga ikifika 30 unaweza kuchukua kipawa kinachoitwa Quick Reflexes, ambacho hufanya muda uende polepole pale adui anapokuletea pigo zito nawe umeinua ngao. Katika deraya nzito kuna kipawa, cha mbele zaidi, kinachopunguza kuyumba kwako kwa nusu. Maana yake ni kwamba ustadi wa kulisoma pigo na uimara wa kusimama ni mali ya mhusika, mali aliyoichuma taratibu, na mimi kazi yangu ilikuwa kumchagulia njia. Modi za kukinga kwa wakati humpa yeyote ustadi huo tangu siku ya kwanza, ilimradi mchezaji ana kidole chepesi. Nilimuua mkuu wa majambazi nikiwa bado mhusika mchanga kabisa, kwa kukwepa na kurudia tu, na badala ya kufurahi nikajiuliza ngao ninamnolea nani.

Ustadi umehama kutoka kwa mhusika kwenda kwa mchezaji. Kwa kijana aliyekwisha kulimaliza gemu mara nne hiyo ni neema, kwa sababu mhusika hana jipya la kumpa. Kwa mtu kama mimi, ambaye usiku nataka kutembea porini nikiokota maua na kuona mtu wangu akizidi kuwa mtu, ni kama kununua jahazi nikaambiwa nipige kasia mwenyewe.

Kuna na suala la mashine, ambalo wanaosifu hulipita haraka. Leptopu yangu ikizidiwa hushuka mpaka fremu, yaani picha, 25 kwa sekunde. Tuseme modi inakupa moja ya tano ya sekunde kukinga kwa wakati: mwenye fremu 60 anaona picha 12 katika muda huo, mimi naona tano. Tena zile video zinazotutia tamaa karibu zote zinaonyesha mtu mmoja na jambazi mmoja, mahali pa wazi, theluji inaanguka, mchezaji akiwa amelifanyia mazoezi pambano hilo hilo. Hazimwonyeshi Lydia, yule mlinzi anayekufuata safarini, amesimama mlangoni nyuma yako na kukuzibia njia ya kukwepa, huku wapiga mishale wawili wakiwa juu ya daraja. Nasi tunaotazama kwa macho ya mhusika hatumo kabisa, kwa sababu sehemu kubwa ya mienendo hii imetengenezwa kwa kamera ya nyuma. Nilibadilisha mtazamo wangu wa miaka kwa ajili ya modi, na pango nililolijua likawa geni.

Kwa hiyo, ndugu yangu, hukukosa ujuzi. Jiulize tu ulipokuwa ukilipenda gemu ulikuwa ukipenda nini ndani yake. Mimi nilibakiza Mortal Enemies, nikaongeza moja inayozidisha madhara kwa pande zote mbili kwa usawa, ili jambazi afe kwa mapigo machache na mimi pia nife kwa machache, nikarudi kwenye kiwango cha ugumu cha Adept ambacho hakipendelei upande wowote. Ngao inafanya kazi yake tena.

Kama utaamua kuziondoa, usizing'oe katikati ya safari ukaendelea na faili lile lile, kwa sababu modi zenye skripti (maagizo ya programu yanayoendelea kufanya kazi ndani ya gemu) huacha mabaki yake ndani ya faili la kuhifadhi, na gemu laweza kuanza kujifunga ghafla baada ya siku kadhaa ukashindwa kujua chanzo. Weka nakala ya faili la zamani pembeni, anza na mhusika mpya, na modi uiongeze moja moja, kila moja kwa jioni mbili au tatu kabla ya kuileta nyingine. Ukifika kwa dubu utajua kama umeipata uliyoitaka.