Ukivaa kinyago cha kale bado ni wewe
Umeuliza kama msanii wa vichekesho vya jukwaani akishika sana mila anapotea yeye mwenyewe, mi nasema hapana, tena ni kinyume chake kabisa. Angalia commedia dell'arte, ile michezo ya vichekesho vya vinyago ya Italia, ilianza karne ya 16, wahusika ni walewale kila siku, Pantalone mzee bahili, Arlecchino mtumishi mwenye njaa, na vinyago vyao ni vya nusu uso, vinaacha mdomo wazi. Sasa hapo ndo utamu ulipo, maana paji na mashavu yamefunikwa, huwezi kukunja uso watu wacheke, inabidi shingo iseme, bega liseme, hatua iseme, yaani wape waigizaji kumi kinyago kilekile utapata Arlecchino kumi tofauti. Dario Fo, mwandishi na mwigizaji wa tamthilia wa Italia, alichota humohumo, akachukua na grammelot, ile kutoa milio isiyo lugha yoyote lakini watu wanaelewa kila kitu, akaitumia kuwasema wakubwa wa zama zake, na 1997 akapewa Nobel ya fasihi. Nani atasema yule hakuwa na sauti yake? Kinachoniuma ni wale wanaochukua mavazi na lafudhi ya wazee ili watu wawacheke wazee wenyewe, huo si urithi jamani. We jifunze kwanza mwendo wa mhusika mpaka mwili uuzoee, rudia hata mara mia, utani wako utakuja wenyewe humohumo.