Barua kwa mbunge kuhusu selimundu: andika mwezi wa Mei

Dada yangu, umeuliza kama barua ya mama wa mtoto mwenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi unaoleta maumivu makali, inaweza kumfanya mbunge atetee fedha za utafiti zisikatwe. Andika, na usichelewe. Hapa Kenya makadirio ya bajeti hufika Bunge la Taifa kufikia 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Hapo katikati, Kifungu cha 221 cha Katiba kinailazimu kamati ya Bunge kutafuta maoni ya wananchi. Mei ndio wakati wenyewe.

Usianze na takwimu. Anza na usiku ule mtoto analilia mguu, nawe umekaa ukingoni mwa kitanda unamkanda kwa kitambaa cha maji moto, ukingoja kupambazuke upate matatu ya kwenda hospitali. Nimeukesha usiku huo na mwanangu. Huhitaji kutia chumvi.

Kisha mwonyeshe utafiti unazaa nini: watoto wa Kilifi walishiriki majaribio ya haidroksiyurea, dawa ya selimundu, yaliyochapishwa 2019, na maumivu yakapungua, malaria pia. Mkumbushe sheria ya sayansi ya 2013, iliyotaka asilimia 2 ya pato la taifa iende kwenye Mfuko wa Taifa wa Utafiti. Omba jambo moja tu, fedha za utafiti zisiguswe.

Barua ipeleke kwa mkono ofisi ya eneobunge lako, na nakala kwa Karani wa Bunge la Taifa. Yako utakayobaki nayo igongwe muhuri wa kupokelewa.