Mwezi ukiwaka, hela asishike yeye

Juzi dada mmoja wa Ukerewe ameniandikia. Mume wake ni mvuvi, na kila asubuhi mikono inamtetemeka mpaka apate glasi moja ya pombe ndipo atulie. Anauliza, "Kaka, wewe uliachaje?" Nimeusoma ujumbe ule mara tatu. Mikono hiyo naijua.

Nimevua dagaa miaka kumi na moja. Dagaa anafuata taa, kwa hiyo tunaingia ziwani usiku wa giza. Mwezi ukiwaka taa hazina kazi: mitumbwi inapandishwa, hesabu zinafanyika, vijana tunabaki mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inapotia nanga, siku kadhaa na hela mfukoni. Hapo ndipo nilipoangamia. Nilianza na viroba, ile pombe kali ya vifuko vidogo. Serikali ilipovipiga marufuku Machi 2017, nikajidanganya kwamba nimepona. Wiki haikuisha, nikawa kwenye gongo, pombe ya kienyeji ambayo hata anayeipika hajui ina nguvu kiasi gani.

Siku moja tajiri, yaani mwenye mtumbwi niliokuwa namvulia, alinipa wavu uliochanika niushone. Fundo la kwanza likafunguka, la pili likafunguka. Kijana mdogo, aliyekuja kambini mwezi ule ule, akanitoa sindano mkononi bila kusema neno, akaendelea kushona. Nimetukanwa sana maishani, lakini ule ukimya wake unaniuma hadi leo.

Nikaapa mbele ya mama, nikaacha siku hiyo hiyo. Nilijiona mwanaume. Usiku wa pili nikalowa jasho, nikaona wadudu wanapanda ukutani, kisha nikaanguka na degedege. Majirani wakasema nimerogwa. Hospitalini daktari akanieleza kwamba pombe hupunguza kasi ya ubongo, na ubongo wa mnywaji wa kila siku huzoea kujisukuma zaidi ili ufanye kazi. Pombe ikiondoka ghafla, ule msukumo unabaki peke yake. Unaweza kuua. Nikalazwa, nikapewa dawa za kutuliza na vitamini B1, maana mlevi hali chakula na mwili wake unaishiwa nayo.

Kwa hiyo dada yangu, usimfungie ndani, na usimwapishe aache leo. Mpeleke hospitali, na daktari aambiwe ukweli: anakunywa nini, kiasi gani, tangu lini. Akificha hapo, anajiua mwenyewe.

La pili ni hela. Nilimwendea tajiri mwenyewe, nikamwomba mgawo wangu ampe mke wangu. Wenzangu walinicheka msimu mzima, wakasema nimeolewa. Leo nina mtumbwi wangu na taa zangu za sola, na wawili kati ya waliocheka wananivulia. Nasema hivi kwa sababu najua nanyi vijana mnautaka mtumbwi wenu. Mtaupata wapi, kama kila mwezi mpevu mnaumwaga kooni? Acheni kujifariji kwamba ni baridi ya ziwani. Baridi inatulizwa kwa koti na chai ya tangawizi. Na msimsukumie glasi mwenzenu aliyeacha. Nilisukumiwa, nikarudi kunywa mara mbili, na mara zote mbili nilirudi tena kwa daktari yule yule.

Dada, akishatoka hospitali, mwezi ukianza kuwaka msivuke kwenda mwaloni. Panda naye meli mje kwangu Igombe, Mwanza. Nina nyavu nne za kushona, na nitampa sindano yeye.